Vifungo Kumi na Kimoja

Siku ya pili tangu niache sigara nilishindwa kutunga uzi kwenye sindano.

Ilikuwa Jumanne, 1 Machi 2011, barazani kwetu Majengo, mjini Songea, ambapo mafundi cherehani wanne tulikuwa tumepanga vyerehani vyetu ubavu kwa ubavu. Kutunga uzi ni kazi ambayo mkono wangu uliifanya wenyewe, macho yakiwa kwa mteja. Asubuhi ile ncha ya uzi iligonga chuma ikapinda. Niliilowesha kwa mate, nikaisokota kwa vidole, nikajaribu tena, ikapinda tena. Vidole vilikuwa vinatetemeka, jasho jembamba limenitoka juu ya mdomo, na kifuani nina hasira ambayo sikujua nimpelekee nani. Mtani wangu, Mhehe aliyehamia kwetu kutoka Iringa, alikuwa anapiga suruali pasi ya mkaa. Akaiweka pasi pembeni, akanichukulia sindano mkononi, akaitunga, akanirudishia. Hakusema neno. Wahehe na Wangoni walipigana sana katika karne ya 19, na ugomvi ule wa mababu ndio uliotuachia utani. Mimi na yeye tulisemana tangu tunafungua vyerehani hadi tunavifunika jioni. Siku ile alininyamazia, nikajua ameona ninachopitia.

Vijana huiita hali ile arosto. Sina neno lililo sahihi zaidi.

Sikuianzia sigara mjini. Nilizaliwa 1968 kijijini, upande ambao leo ni Wilaya ya Namtumbo na zamani zile ulikuwa Songea tu. Kwetu hulimwa tumbaku ya moshi, si ile ya mvuke wanayoilima Tabora. Mvua zikikolea tulihamisha miche kutoka vitaluni kwenda shambani. Jani likikomaa tulilichuma, tukalitunga kwenye fito na kulining'iniza ndani ya bani, banda la kukaushia. Chini, kwenye sakafu ya udongo, moto wa magogo ulifukizwa usiku na mchana, siku baada ya siku, mpaka jani likageuka rangi ya kahawia iliyokolea na kunuka kama nyama ya kubanikwa. Harufu ile ikinijia leo, namwona mama amebeba kuni.

Watoto tulichuma asubuhi, majani yakiwa bado na umande. Mikono ilishika ulimbo mweusi usiotoka kwa maji matupu. Wengine tulitapika palepale shambani, kichwa kinazunguka, na wazee wakasema ni njaa, wakatupa kiporo cha ugali tukaendelea. Nilikuwa mtu mzima nilipojifunza kwamba nikotini huyeyuka kwenye umande na kupenya kwenye ngozi. Tumbaku ilikuwa imeingia mwilini mwetu kabla yeyote kati yetu hajawasha kiberiti.

Lakini siwezi kulisimulia jani lile kama adui tupu. Sare yangu ya shule ilitoka humo, na daftari, na bati la kwanza kuezekwa juu ya nyumba yetu. Wazee walikuwa na ushirika wao wa Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, ulioandikishwa 1936, na hata baada ya serikali kuvifuta vyama vikuu vya ushirika 1976, baba aliendelea kuuita mzani wa soko "mzani wa NGOMAT". Siku ya malipo alirudi na sukari, mafuta ya taa na vitenge viwili. Mtu aliyekulia hapo akiambiwa kwamba tumbaku inaua, anasikia kama anatukaniwa mzazi.

Nilivuta mara ya kwanza 1981, nikiwa na miaka 13, usiku wa zamu yangu ya kulinda moto wa bani. Jani lilikuwepo, moto ulikuwepo, karatasi ilitoka kwenye daftari la hesabu. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshaonja, kwa kuwa baba alinituma jikoni kumwashia msokoto wake, na msokoto hauwaki bila kuvutwa pafu la kwanza. Hakuna aliyeliona hilo kuwa baya. Lilikuwa sehemu ya kutumwa.

Baba alifariki 1999. Alilazwa Peramiho, kwenye hospitali ya Wabenediktini, wamisionari waliofika hapo 1898, akakaa kitandani akiwa ameinama mbele, viganja juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka kwa kazi ya kuvuta hewa tu. Alikuwa hawezi kumaliza sentensi. Alisema neno, akapumzika, akasema jingine. Jioni moja nilitoka wodini nikavuka geti, nikasimama chini ya mti nikavuta sigara mbili mfululizo huku machozi yananitoka. Nilijua kinachomuua baba. Nilikijua kwa jina, na nilikuwa nacho mdomoni. Kabla ya usiku ule nilidhani anayeendelea kuvuta ni mtu asiyeelewa.

Baada ya mazishi nilijaribu kuacha mara 3 kwa miaka 12. Mara zote nilifanya siri. Niliogopa kuonekana nimeshindwa, kwa hiyo sikumwambia mtu, na nikirudi kuvuta hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na siku nne, au tisa, ambazo nilikuwa nimepigana. Zilizaliwa kimya, zikafa kimya.

Kilichonitoa sirini ni ngoma. Kila 27 Februari Songea tunawakumbuka mashujaa wa Maji Maji walionyongwa na Wajerumani siku kama hiyo 1906. Mwaka 2011 siku hiyo iliangukia Jumapili. Nilikuwa nimewashonea mashati wachezaji wa kikundi kimoja cha Lizombe, nao wakanivuta niingie kati. Lizombe haichezwi nusunusu. Miguu inapiga ardhi, kifua kinaitikia ngoma. Sikufika mbali. Hewa ilikatika, macho yakaingia giza, nikatoka nikaketi ukingoni, nimeinama mbele, viganja juu ya magoti. Binti yangu, aliyekuwa kidato cha pili, alikuja na kikombe cha maji. Hakuniuliza kitu. Alisimama mbele yangu akiniangalia nilivyokaa, nami nikajitazama kwa macho yake, nikaona mkao wa Peramiho.

Usiku nilimwambia mke wangu kwamba nimeacha. Aliendelea kukunja nguo, kisha akasema, "Baba, ukiniambia mimi peke yangu utanidanganya, na mimi nitakubali kudanganywa kwa sababu nakuonea huruma. Kesho waambie wenzako."

Nikawaambia. Jumatatu, kabla ya kuondoa vifuniko vya vyerehani, nilisimama barazani nikasema: sivuti tena, na nikivuta nitawaambia mwenyewe. Mzee wetu, aliyetufundisha kazi watatu kati yetu, aliniuliza, "Unatuomba tukulinde au tukusikilize?" Sikuwa na jibu. Akasema basi watafanya yote mawili.

Nimeshasikia watu wakisimulia kuacha sigara kama shujaa aliyepanda mlima peke yake. Kwangu haikuwa hivyo, na sidhani kama ni hivyo kwa wengi. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa katika kila majaribio 100 ya kuacha yanayofanywa bila msaada, 4 tu ndiyo hufaulu. Namba hiyo niliisoma baadaye sana. Ningeisoma chini ya ule mti wa Peramiho, labda nisingejiita dhaifu kwa miaka 12.

Msaada wangu wa kwanza ulitoka kwa muuguzi mmoja aliyekuja kuchukua gauni la kazi siku hiyohiyo ya Jumanne, akanikuta nimeshika sindano kama mgonjwa. Alinieleza kwa lugha nyepesi, amesimama, pesa mkononi. Kwamba pafu moja hufikisha nikotini kwenye ubongo kwa sekunde chache tu, ndiyo maana sigara inashika kuliko vitu vingi. Kwamba siku 3 za kwanza ndizo kali kuliko zote. Kwamba kiu ya sigara hupanda, hufika kileleni, hushuka, na yote hiyo kwa kawaida ni dakika chache tu. "Fundi," akaniambia, "huachi sigara maisha yako yote. Unaachana na dakika tano."

Mzee wa baraza aliyashika maneno hayo kuliko mimi. Akakata kipande cha kaki, kirefu kama mkono, akanipa. Kila kiu ikipanda, nichukue kaki ile nitoboe tundu la kifungo na kulishona ukingo kwa mkono. Asiyejua kushona hawezi kufahamu kwa nini hili lilifanya kazi. Tundu la kifungo huwezi kulishona huku unawaza kitu kingine. Unakata mpasuo mdogo, unachoma sindano karibu na ukingo, unapitisha uzi nyuma ya ncha, unavuta mpaka fundo dogo likae juu ya mpasuo, na fundo linalofuata likae ubavuni mwa mwenzake bila nafasi. Ukivuta kwa hasira kitambaa kinajikunja. Lazima mkono utulie. Tundu moja lilinichukua dakika tano au sita, na nikimaliza kukata uzi, mara nyingi kiu ilikuwa imeshapungua makali. Siku ya kwanza ya kaki nilishona matundu 17. Ya mwanzo yalikuwa yamepinda vibaya. Mzee aliyatazama kama anavyotazama kazi ya mwanafunzi, akasema kesho yatanyooka.

Jumamosi ya kwanza, 5 Machi, wenzangu walishona kifungo cheupe kimoja pembeni mwa ile kaki. Wiki moja. Jumamosi iliyofuata kingine. Kaki ikatundikwa ukutani nyuma ya cherehani yangu, na wateja wakaanza kuuliza ni ya nini. Wakiambiwa, waliingia kwenye hesabu bila kuombwa. Akina mama waliokuja kupima vitenge walivihesabu kwa sauti, wakaniletea karanga za kukaanga na mihogo mibichi ya kutafuna. Mama mwenye genge jirani, aliyekuwa ananiuzia sigara mojamoja kila siku, mimi nikiwa mteja wake wa uhakika, nilimwendea siku ya sita bila kujitambua, mkono umeshika shilingi. Alinitazama. "Fundi, kwangu sigara zako zimekwisha," akasema, pakiti ikiwa wazi mbele yetu sote wawili. Akanipa bigijii mbili. Pesa hakuchukua. Alipoteza mauzo ya sigara 15 kwa siku kwa ajili yangu, mama anayesomesha watoto kwa genge, na mpaka leo sioni zawadi kubwa kuliko ile.

Mke wangu hakuniuliza hata siku moja kama nimevuta. Wiki ya tatu, tukiwa tumelala, alisema gizani, "Siku hizi hukohoi. Usiku naamka kukusikiliza kama unapumua."

Mambo mengine ya miezi ile nayapitia haraka. Nilinenepa. Niligombana na mteja mmoja juu ya pindo la suruali na nikamwomba radhi. Chai ikapata ladha ambayo nilikuwa nimeisahau, na nikagundua kwamba vitambaa vipya vina harufu, kila kimoja na yake, jambo ambalo fundi wa miaka yote ile alipaswa kulijua.

Kufikia 14 Mei vifungo vilikuwa 11.

Wiki iliyofuata ikaja simu ya msiba: bibi mzaa mama amefariki. Nilisafiri kwenda Namtumbo, kilomita kama 70 hivi, nikafika jioni. Ulikuwa msimu wa kukausha. Nilishuka kwenye gari, na kabla sijamwona mtu yeyote harufu ya mabani ilikuwa imeshanifikia, moshi wa magogo na jani, pamoja na baridi ya jioni. Usiku wanaume tulikesha kuzunguka moto. Msokoto ukatembea kutoka mkono hadi mkono, kama unavyotembea siku zote msibani, na kuupisha ni kama kujitenga na wafiwa wenzako. Ulipofika kwangu nikauvuta. Haukuwa na utamu wowote. Nikavuta wa pili. Alfajiri nikaomba wa tatu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mjomba alikuwa ameketi upande wa pili wa moto. Amelima tumbaku maisha yake yote, anavuta kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na habari za kaki ya vifungo zilikuwa zimemfikia kwa simu. Alinyanyuka, akaja akaketi karibu nami, akanong'ona wasisikie wengine. "Mjomba, mimi nilijaribu nikashindwa. Niliposikia wewe umeweza, nilifurahi. Usije ukaniambia na wewe umeshindwa." Akauchukua ule msokoto mkononi mwangu. Hakuutupa. Aliuvuta yeye, uso wake ameugeuzia gizani.

Njiani kurudi nilipanga kunyamaza. Nani angejua? Namtumbo ni mbali. Nilipanga maneno yote, nikayapanga tena, na nilipofika barazani nikaiona ile kaki ukutani na nikashindwa kuketi. Nikawaambia: misokoto mitatu.

Kijana wetu, mdogo kuliko wote, alisema tufumue vifungo vyote tuanze kimoja. Hesabu ni hesabu. Hakusema kwa ubaya, na moyoni nilikubaliana naye. Nilishachukua kiwembe. Ni mtani aliyenishika mkono. Mhehe yule, aliyekuwa ananisema mchana kutwa kwa kila kosa la sindano, alisema hivi: "Hizi wiki 11 si zake peke yake. Mimi nilitunga uzi. Mama wa genge ameacha pesa yake. Mkiondoa vifungo mnaondoa na vyetu." Mzee akakubali. Akatafuta kwenye kopo la vifungo akatoa kimoja cheusi, akakishona mwenyewe baada ya vile 11, akaniambia Jumamosi ijayo tutaendelea na vyeupe.

Nikaondoka nikasimama nyuma ya jengo kwa muda, nikalia.

Siku chache baadaye ilikuwa 31 Mei, siku ambayo dunia nzima huizungumzia tumbaku. Tanzania ina sheria ya bidhaa za tumbaku tangu 2003, inayokataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18, na 2007 iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku. Naziheshimu sheria hizo. Zingekuwepo na kusimamiwa 1981, labda mtu angeniuliza kwa nini mtoto anakesha kwenye bani. Ila usiku ule wa msiba, palipokuwa na moto na jani na huzuni, hapakuwa na sheria. Alikuwepo mjomba.

Baada ya kifungo cheusi nilikuwa nimepungukiwa hofu. Nilikuwa nimeanguka mbele ya watu na hawakuniacha, kwa hiyo sikuwa tena na kitu cha kuficha. Kiu zilikuja kwa nafasi: mara mbili kwa siku, kisha mara moja kwa wiki, kisha kwa misimu, hasa baridi ya Juni. Kaki ya kwanza ilijaa, Mzee akakata ya pili. Mwaka ulipotimia waliacha kushona kila Jumamosi, wakashona kila mwezi, na mama wa genge akalalamika kwamba tunamwibia furaha yake. Huyu mama siku hizi ana karatasi aliyoiandika kwa mkono, ameibandika mbele ya genge, inasema watoto wasitumwe sigara kwake.

Mjomba alikuja mjini baada ya mauzo ya tumbaku, miaka mitatu baadaye, amebeba mita za kitambaa cha koti. Nilimpima mwenyewe. Mabega, mkono, urefu wa mgongo. Nilipozungusha tepu kifuani nikamwambia, kama tunavyowaambia wateja wote wa koti, avute pumzi nijue pa kuacha nafasi. Akavuta. Niliishika tepu kwa vidole viwili nikisubiri iteleze. Haikuteleza. Mabega yalipanda, shingo ikatokeza mishipa, na tepu ikabaki palepale, hata sentimita moja haikuongezeka. Nilihisi mlio mwembamba ukipita chini ya vidole vyangu, ndani ya mbavu zake.

Sikusema kitu. Niliandika namba kwenye daftari. Mjomba alikuwa anatazama ukutani juu ya kichwa changu, kwenye zile kaki, midomo ikichezacheza, alikuwa anahesabu. Alipofika kwenye kile cheusi alisimama.

"Hiki ndicho cha msiba wa mama?"

"Ndicho, mjomba."

Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, kwa sauti ile ya kunong'ona aliyoninong'oneza siku ile motoni, kama ni kweli kwamba siku tatu za kwanza ndizo mbaya kuliko zote. Nilikuwa bado natafuta jinsi ya kumjibu nilipousikia mkasi upande wa mtani. Hakuwa amegeuka kututazama. Alikuwa anakata kaki.